Unapimaje kama wanafunzi wa shahada ya rekriesheni na hifadhi wamejifunza kweli? Hatua kwa hatua

Kila mwaka wa masomo ukikaribia kuanza, walimu wapya wa shahada hii ya rekriesheni (yaani mapumziko na burudani) wananiuliza maswali yale yale. Si nitumie tu GPA (wastani wa alama zote) kuonyesha kwamba wamejifunza? Rubriki (jedwali la vigezo na ngazi za kusahihishia) naipata wapi? Fildi (mafunzo kazini) naisahihishaje wakati supervisa wa huko hifadhini kawapa wote tisini? Nimejibu mmoja mmoja kwa simu mpaka nimeona bora niandike yote sehemu moja, usome taratibu, ufanye.

Kwanza nikupe kisa, maana ndicho kilichonibadilisha mimi. Nilikuwa na mwanafunzi aliyepata A kwenye somo la usalama wa wageni, A ya halali kabisa, mtihani wake niliusahihisha mwenyewe. Muhula uliofuata tukaenda shule ya msingi moja kwa ajili ya vitendo, akapewa watoto thelathini aendeshe michezo kwa saa nzima. Jua lilikuwa kali akawapeleka kwenye kivuli cha mwembe, wazo zuri, ila juu yao kulikuwa na tawi kavu nene kama paja, limepasuka kwenye shina na limeshikiliwa na gome tu. Kwenye mtihani yule kijana aliandika, tena kwa mwandiko mzuri, kwamba kabla ya kuruhusu wageni unakagua miti na kuondoa matawi yaliyokufa. Nikamwita pembeni nikamwambia hamisha watoto sasa hivi. Alipoangalia juu alishtuka kuliko mimi. Hakuwa mzembe hata kidogo, ni kwamba miaka miwili hakuna mtu aliyewahi kusimama naye chini ya mti akamwambia angalia juu. Sisi tulipima kumbukumbu yake halafu tukaandika kwenye ripoti kwamba tumepima usalama.

Kwa hiyo mwongozo huu wote unasukuma jambo moja: pima pale kazi inapofanyika, na ukishapata majibu badilisha kitu darasani. Nimeandika kwa mazingira ya Tanzania ila wa Kenya na Uganda mtaona yanafanana.

Kabla hujaanza, hakikisha una hivi

- Mtaala uliopitishwa, wenye ile orodha ya matokeo ya ujifunzaji ya shahada nzima, yaani yale mhitimu anatakiwa aweze kufanya. Upo, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) hawapitishi programu bila hiyo, ukiambiwa haupo nenda masjala ya idara.
- Orodha ya masomo yote kuanzia mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho.
- Mwalimu mwenzako mmoja. Usifanye peke yako, utaona kwenye hatua ya tano kwa nini.
- Eneo la vitendo: hifadhi, msitu, bustani ya manispaa, uwanja wa shule, ufukwe, hata viwanja vya chuo chenyewe.
- Tepu ya kupimia ya mita 30, ubao mdogo wa kuandikia umesimama, penseli (kalamu za wino mvua ikinyesha zinakuaibisha), simu yenye GPS na kisanduku cha huduma ya kwanza.
- Barua za kuomba ruhusa. Anza wiki sita kabla. Barua ya kuingia hifadhini inazunguka meza nyingi na ukichelewa wiki moja ratiba yote ya muhula inaporomoka.
- Kompyuta yenye Excel, na saa mbili za kikao mwisho wa muhula ambazo mkuu wa idara amezikubali kwa maandishi.

Hatua ya 1: Punguza matokeo, yabaki yanayopimika

Fungua mtaala utakuta matokeo kumi na mbili au zaidi, mengine yanaanza na "kuelewa" na "kufahamu". Huwezi kumwona mtu anaelewa. Unamwona anaandaa, anapima, anaongoza, anakadiria, anatetea uamuzi wake mbele ya diwani. Badilisha vitenzi kwanza, kisha yanayofanana yaweke pamoja mpaka yabaki matano au sita.

Ukikosa pa kuanzia, tazama jinsi wenzetu walivyogawa. Marekani kuna chombo cha ithibati cha shahada hizi kinaitwa COAPRT, na kwenye viwango vyake vya 2013 matokeo ya wanafunzi yaliwekwa kwenye mafungu manne tu: misingi ya taaluma, uwezo wa kubuni na kuendesha na kutathmini huduma kwa watu wa aina mbalimbali, uendeshaji (fedha, watu, miundombinu, masoko), na mafunzo kazini yasiyopungua saa 400 kwa wiki zisizopungua 10. Manne. Hatulazimiki kuwaiga, sisi wahitimu wetu wengi wanaenda kwenye wanyamapori na utalii kuliko kwenye mabwawa ya kuogelea ya manispaa, lakini ule ufupi wao uige.

Mfano wangu wa tokeo lililokaa sawa: "Mhitimu anaandaa na kuendesha shughuli ya mapumziko ya saa moja kwa kundi lisilopungua watu ishirini, kwa usalama, na inayomfaa kila aliyekuja." Hapo unajua kabisa utakwenda kuangalia nini.

Hatua ya 2: Chora ramani ya masomo

Jedwali tu. Matokeo juu, masomo pembeni. Kwenye kila chumba weka O kama mwanafunzi anaonjeshwa, Z kama anazoezwa, P kama anapimwa. Waulize walimu wa masomo wenyewe, usijaze kwa kubuni.

Tafuta mashimo. Mara ya kwanza sisi tulipochora tulikuta bajeti inapimwa mwaka wa tatu wakati hakuna somo hata moja lililowazoeza, yaani tulikuwa tunawasubiri watoto mlangoni na fimbo kwa kitu ambacho hatukuwafundisha. Shimo la namna hiyo ukiliona lizibe kabla ya kupima chochote, vinginevyo unachopima ni uzembe wa idara.

Hatua ya 3: Chagua kazi moja kwa kila tokeo, iliyopo tayari

Hapa ndipo wengi wanajiua kwa kazi. Usitunge mtihani mpya. Chukua kazi ambayo mwanafunzi anaifanya tayari ndani ya somo, ikaze kidogo, itumie mara mbili: mara ya kwanza kwa alama zake, mara ya pili kwa tathmini ya programu. Kazi ninazozitegemea mimi ni hizi:

Kwa tokeo la kuendesha shughuli, ile saa moja ya michezo na watoto au wazee. Kwa usimamizi wa eneo, kupima hali ya njia ya miguu. Kwa fedha, bajeti ya mwaka ya bustani ndogo ya umma: maji, mlinzi, taa, kukata majani, choo (bajeti isiyo na choo irudishe). Kwa sera na jamii, prezentesheni ya dakika kumi mbele ya watu wanaojifanya baraza la kijiji, na wale "wanakijiji" uwaambie wawe wabishi kweli.

Nikae kidogo kwenye njia ya miguu maana inafichua mengi. Kuna hifadhi kama Udzungwa ambako utalii ni wa kutembea, hakuna barabara ya kukatiza ndani, kwa hiyo njia ndiyo miundombinu yenyewe. Nawapa wanafunzi kilomita moja ya njia msituni, kila baada ya mita 50 wapime upana, kina cha mmomonyoko, waandike kama mizizi iko wazi na kama kuna tope. Kuna mwaka kundi moja lilileta wastani wa upana, mita moja na kitu, wakaandika "njia iko katika hali nzuri". Hesabu sahihi. Kundi la pili lilipima mita zile zile ila wakasimama kwenye sehemu moja yenye tope wakaona wageni wanazunguka pembeni kukwepa, njia imetanuka karibu mara tatu, wakafuata maji yanatoka wapi wakakuta yanatiririka kwenye njia yenyewe tangu juu mlimani. Wakapendekeza magogo ya kukingama yatoe maji pembeni kabla ya kuweka kibao chochote cha "usipite hapa". Kwa mtihani wa karatasi makundi yote mawili yangepata sawa, maana wote wanajua kanuni ya wastani. Ni njiani ndipo nilipowaona tofauti.

Onyo: dodoso la "je, umejifunza?" halitoshi. Mwanafunzi akisema amejifunza hayo ni maoni yake, yana faida yake ila yawe nyongeza. Na GPA nayo vile vile, imechanganya mahudhurio, kazi za kundi, test na UE (mtihani wa mwisho wa muhula), haikuambii kama anaweza kukagua mti.

Hatua ya 4: Andika rubriki inayoelezea kinachoonekana

Ngazi nne, siyo tano wala tatu. Ukiweka idadi yenye katikati walimu wote wanakimbilia katikati. Na usiandike "vizuri sana, vizuri, wastani, dhaifu", hayo ni majina ya alama tu. Andika unachokiona kwa macho. Kwa kigezo cha usalama, yangu inasomeka hivi:

Ngazi ya 1: Anaanza shughuli bila kukagua eneo, au kuna hatari ya wazi ambayo hajaiona.
Ngazi ya 2: Anakagua chini tu (mashimo, chupa, miiba), hana mpango wa mtoto akiumia.
Ngazi ya 3: Anakagua chini, juu na pembeni kabla watu hawajafika, anajua kisanduku kiko wapi na nani atapiga simu.
Ngazi ya 4: Yote ya ngazi ya 3, na shughuli ikiendelea anaendelea kuangalia, anabadilisha mambo hali ikibadilika, mfano jua limehama au watoto wamechoka.

Ona neno "juu" kwenye ngazi ya 3. Limetoka kwenye ule mwembe.

Vigezo vinne au vitano kwa kazi moja vinatosha, rubriki ya vigezo kumi na tano hutaijaza umesimama juani. Na wape wanafunzi rubriki mapema, wiki tatu kabla. Kuna walimu wanaificha wakidhani wanafunzi watadesa. Wadese! Mtu akidesa kukagua mti na kweli akaukagua, hicho ndicho tulichokuwa tunakitaka.

Hatua ya 5: Kaeni wawili msahihishe kwa majaribio

Chukueni kazi sita za mwaka uliopita, au video za simu, kila mmoja asahihishe kivyake bila kuonana, halafu linganisheni. Mkitofautiana ngazi moja ni kawaida. Mkitofautiana ngazi mbili simameni hapo hapo muulizane umeona nini ambacho mimi sikukiona. Mara nyingi tatizo ni neno kwenye rubriki, siyo mtu. Sisi neno "anashirikisha wote" lilitugombanisha nusu saa, mwenzangu alikuwa anahesabu watoto wanaokimbia na mimi nilikuwa namwangalia binti mmoja mwenye mguu mbovu aliyekaa pembeni akapewa kazi ya kupiga filimbi, mimi naona ametengwa, yeye anaona amepewa nafasi. Tukaandika upya: "kila mtu ana nafasi ya kucheza, siyo ya kutazama au kusaidia tu".

Hatua ya 6: Siku ya vitendo

1. Fika nusu saa kabla ya wanafunzi. Kagua eneo mwenyewe na uandike hatari zote unazoziona, hiyo ndiyo orodha utakayowapimia.
2. Simama pembeni ambapo unaona uso wa mwanafunzi na nyuso za watu anaowaongoza. Wengi wanasimama nyuma yake, wanamsikia ila hawaoni watoto wameshaboreka.
3. Andika ulichokiona kwanza, ngazi baadaye. "Dakika ya 12 watoto sita wamekaa chini, hakugundua mpaka dakika ya 20." Maneno kama hayo yatakusaidia akija kulalamika.
4. Usiingilie. Unamwona anakosea, mate yanakujaa mdomoni, nyamaza. Isipokuwa kuna hatari ya mtu kuumia, hapo ingilia mara moja na alama zisubiri.
5. Akimaliza mpe dakika tano aseme yeye mwenyewe angebadilisha nini. Usimsaidie kujibu. Mwanafunzi aliyeona kosa lake mwenyewe ameshafika mbali, na rubriki yangu ina kigezo cha hilo.
6. Washukuru watoto na mwalimu wao, wale siyo vifaa vya maabara. Siku zote tunawaachia mipira au kamba za kuruka, na picha za watoto hatupigi bila ruhusa ya shule.

Hatua ya 7: Fildi

Supervisa wa kituoni ana kazi zake, fomu yako yenye "ari ya kazi: ___/10" ataijaza kwa dakika mbili na wote watapata tisa, kwa sababu vijana ni wazuri na hataki kuwaharibia. Usimlaumu, badilisha fomu. Muulize mambo ya kutokea: Ni kazi gani ulimwachia afanye bila kumsimamia? Alikosea nini na alirekebishaje? Kesho ukipata nafasi ya mkataba ungempa kazi ipi, na ipi usingempa bado? Hili la tatu ni dhahabu, supervisa akiandika "usimamizi wa wapagazi ndiyo, mahesabu ya geti bado" umepata kitu.

Logibuku nayo (daftari la mwanafunzi la kuandika kazi zake za fildi), kataa zile za "leo tulifanya doria". Kila wiki ukurasa mmoja: tukio moja, niliamua nini, kwa nini, kingine gani kiliwezekana. Na umtembelee angalau mara moja akiwa kazini. Nauli ikikosekana piga simu ya video akiwa eneo la kazi akuonyeshe anachofanya, siyo akiwa chumbani.

Hatua ya 8: Hesabu, kwa kifupi

Kabla ya kuangalia matokeo kubalianeni lengo, kwa mfano 75% ya wanafunzi wafike ngazi ya 3 kwenye kila kigezo. Kisha hesabu kigezo kwa kigezo. Tuseme darasa lina 24 na 17 wamefika ngazi ya 3 ya usalama, hiyo ni 71%, hamjafika. Usichanganye vigezo vyote ukatoa wastani mmoja, wastani utaficha shimo kama ule wa njia ulivyoficha tope. Futa majina ya wanafunzi kabla ya kuwaonyesha wenzako.

Na usipime matokeo yote kila mwaka. Mawili kwa mwaka, miaka mitatu mmemaliza sita, mnaanza upya.

Hatua ya 9: Kikao, na kubadilisha kitu kimoja

Zile saa mbili zitumie hivi: dakika ishirini kuonyesha namba, nyingine zote kuuliza kwa nini na tufanye nini. Mwaliko mmoja uende kwa mtu wa kazini, mhifadhi au ofisa wa manispaa, na mwingine kwa CR (mwakilishi wa darasa) wa mwaka wa tatu. Msitoke na mapendekezo kumi na mbili. Tokeni na moja lenye jina la mtu na tarehe: "Mwalimu fulani ataongeza ukaguzi wa eneo kwenye vitendo vyote vya mwaka wa kwanza, kuanzia Novemba." Liandikeni kwenye muhtasari wa kikao. Likishafanyika, pimeni tena tokeo lile lile.

Sisi baada ya mwembe tuliongeza dakika kumi tu za kukagua eneo mwanzoni mwa kila kipindi cha nje, kwa masomo yote. Dakika kumi. Siku hizi nikienda nao mahali naona shingo zote zimeinuka.

Ukikwama

*Darasa lina wanafunzi 180.* Wote wafanye kazi kwa alama zao wakiwa kwenye makundi, lakini kwa tathmini ya programu chagua 30 kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya usajili. Usichague unaowajua, utachagua wanaokaa mbele.

*Hela ya basi hakuna.* Toka nje ya mlango. Viwanja vya chuo vina miti, mitaro, ngazi, watu wanaopumzika na mahali ambapo kiti cha magurudumu hakipiti. Wape wanafunzi wakague bustani ya jengo la utawala waandike mpango wa usimamizi, nilishafanya hivyo miaka miwili mfululizo na kazi zilikuwa bora kuliko za safari.

*Wote wamefika ngazi ya 4.* Ama rubriki ni laini ama mmeogopana. Rudi hatua ya 5 na mlete mtu wa nje asahihishe kazi tano.

*Ripoti zinafanana kama pacha, au zimeandikwa na programu ya akili mnemba.* Ongeza mahojiano ya dakika tano pale pale eneo la tukio. "Nionyeshe ulipopima kina hiki." Aliyepima anakupeleka moja kwa moja, ambaye hakupima anaanza kuzungukazunguka.

*Mwalimu mwenzangu anasema huku ni kumchunguza.* Ana hofu ya kweli, usiidharau. Mwonyeshe kwamba matokeo hayana jina la mwalimu wala hayaendi kwenye faili la kupandishwa cheo, na hakikisha kweli hayaendi. Anza na somo lako wewe, onyesha lako lilivyo bovu kwanza.

*Nina mwanafunzi mwenye ulemavu, hawezi kupanda mlima.* Soma tena tokeo ulilopima. Kama linasema kupima na kuamua hali ya njia, kupanda siyo sehemu ya tokeo, mtafutie njia ya chini yenye matatizo yale yale, na ufanye hivyo kabla ya safari, usimwachie yeye aje kukuomba. Asiyesikia mpe mkalimani wa lugha ya alama kwenye mahojiano na muda uongezwe. Rubriki ibaki ile ile.

*Mwanafunzi amebaki ngazi ya 1 ya usalama na yuko mwaka wa mwisho.* Usimpitishe kwa sababu tu alama za kazi nyingine zimembeba. Kwenye idara yetu tulikubaliana kwamba kigezo hicho kimoja lazima kila mtu afike ngazi ya 3, anarudia vitendo mpaka afike, wiki ile ile kama inawezekana, na mwalimu anakwenda naye. Wengi wanahitaji kurudia mara moja tu.